Lango la Jaa: Safari ya Taka za Dar es Salaam kutoka Tabata hadi Pugu

Katika kitabu cha Nehemia, sura ya 3, kuna orodha ndefu ya majina ambayo wengi wetu huiruka tunaposoma Biblia. Ni majina ya watu waliojenga upya ukuta wa Yerusalemu baada ya uhamisho. Makuhani wamo. Wafua dhahabu wamo, na watengeneza marashi pia. Wamo hata wakuu wa Tekoa, waliotajwa kwa sababu walikataa kushika kazi. Na katika aya ya 14 yumo mtu aitwaye Malkiya mwana wa Rekabu, mtawala wa wilaya. Yeye alijenga Lango la Jaa.

Jaa ni neno la zamani kidogo. Siku hizi tunasema jalala, na wengi zaidi tunasema dampo. Lango la Jaa ndilo lililopitishiwa uchafu wa mji kwenda nje. Katika sura hiyo hiyo tunasoma mara kadhaa kwamba fulani alijenga mbele ya nyumba yake mwenyewe. Hilo linaeleweka. Mtu akiambiwa ajenge, huanza na pale panapomlinda yeye na watoto wake. Lakini Nehemia hasemi popote kwamba Malkiya alikuwa na nyumba kwenye Lango la Jaa. Alikuwa mtu mwenye cheo, mtawala wa wilaya yake, naye akaenda kushika kazi mahali ambapo harufu ilikuwa kali kuliko pote.

Nimeirudia aya hiyo mara nyingi, kwa kuwa sehemu kubwa ya maisha yangu nimeishi karibu na malango ya jaa ya mji wetu. Nilikulia Tabata, nikahamia Temeke, na leo nina ndugu wanaoishi njia ya Pugu. Anayeijua historia ya Dar es Salaam atatambua mara moja kwamba ama mimi nimelifuata dampo, ama dampo limenifuata mimi. Katika insha hii nataka kuieleza safari hiyo, kisha nirudi kwenye swali ambalo mwanasheria alimuuliza Bwana wetu: jirani yangu ni nani?

Mji ulipokuwa mdogo

Wazee wetu hawakujua kitu kinachoitwa taka ngumu. Uani kulikuwa na shimo. Maganda ya mihogo na ya ndizi yaliliwa na mbuzi na kuku. Majivu yalimwagwa chooni au kwenye mashina ya migomba. Vifuu vya nazi viliwashia moto, na majani yaliyofagiwa asubuhi yalichomwa jioni. Chupa haikutupwa, ilitiwa mafuta ya taa. Kopo la rangi lilichotea maji. Kilichobaki mwisho wa wiki kilienea kwenye ungo.

Serikali za kikoloni, ya Wajerumani kwanza kisha ya Waingereza, ziliugawa mji kwa rangi za watu: Uzunguni kandokando ya bahari, Uhindini kwenye maduka, na Waafrika ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja, kule Kariakoo na Ilala. Huduma za mji zilifuata mgawanyo huo huo. Barabara, mitaro na uzoaji wa taka vilianzia kwa wakubwa, na vilipowafikia wenyeji vilikuwa vimekwisha kuchoka. Ni vizuri tukumbuke hilo, kwa sababu uhuru ulipokuja mwaka 1961 hatukurithi magari ya taka peke yake. Tulirithi pia mazoea ya kuamini kwamba usafi ni wa katikati ya mji, na uchafu ni wa pembeni, kwa watu wa pembeni.

Kisha pembeni pakajaa watu. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu 270,000 hivi katika jiji lote. Mwaka 1978 walizidi 840,000. Mwaka 1988 walizidi milioni 1.3, mwaka 2012 milioni 4.3, na mwaka 2022 milioni 5.3. Mashamba ya minazi na mikorosho ya Temeke, Mbagala, Manzese, Kimara na Tabata yakawa makazi kabla barabara hazijafika. Vichochoro vingine vikawa vyembamba kiasi kwamba hata jeneza hupitishwa kwa kuinamishwa. Mahali kama hapo gari la taka lingepita wapi?

Tabata

Kwa miaka mingi taka za jiji zilimwagwa Tabata. Nilipokuwa mtoto, dampo lilikuwa sehemu ya hali ya hewa. Tuliamka tukauliza upepo unatoka wapi leo, kama wavuvi. Ukitoka upande wa dampo, mama alifunga madirisha ijapokuwa joto lilikuwa la Januari. Moshi haukuwa wa siku moja, kwani taka zikishika moto chini huwaka kama pumba, kimya kimya, wiki hadi wiki. Nzi walitua kwenye uji kabla hujatia sukari. Watoto walikohoa, na kila nyumba ilikuwa na dawa yake ya kikohozi dirishani.

Sisi tulilalamika kwa mjumbe wa nyumba kumi, tukalalamika kwa diwani, tukaomba kanisani. Kisha baadhi ya wakazi wa Tabata wakafanya jambo ambalo wakati ule lilikuwa jipya. Mwaka 1988 walilipeleka Halmashauri ya Jiji Mahakama Kuu. Hati ya haki za binadamu ilikuwa imeingizwa katika Katiba yetu mwaka 1984, na ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kutumika mahakamani mwaka huo wa 1988. Ibara ya 14 inasema kwamba kila mtu anayo haki ya kuishi na ya kupata hifadhi ya maisha yake kutoka kwa jamii. Wananchi wa kawaida, wenye nyumba za kawaida, wakasimama mbele ya jaji na kusema kwamba moshi ule unawaua.

Walishinda. Mahakama iliamuru jiji liache kumwaga taka Tabata na litafute mahali pengine. Lakini kushinda kesi ni jambo moja, na kuona gari la taka likigeuza njia ni jambo jingine. Jiji liliomba muda, likapewa. Muda ukaisha, likaomba tena. Mwaka 1991 ombi la namna hiyo lilimfikia Jaji Lugakingira, naye akalikataa kwa maneno ambayo wanafunzi wa sheria katika nchi nyingi wanayasoma mpaka leo. Alishangaa kwamba chombo cha umma kinaweza kuja mahakamani, bila haya, kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Akasema kwamba mahakama haina uwezo wa kutoa ruhusa hiyo, kwa kuwa ingekuwa ni kuivunja haki ya kuishi ambayo Katiba inailinda.

Mwaka huo dampo la Tabata likafungwa. Naikumbuka jumuiya iliyosaliwa nyumbani kwetu jioni moja baada ya magari kuacha kuja. Mama aliinua mikono, akamshukuru Mungu aliyesikia kilio chetu. Tukaimba, tukanywa chai kwa mandazi, na madirisha yote yakiwa wazi. Hata leo sioni kosa katika shukrani ile. Ila nimekuja kugundua kwamba siku ile hakuna aliyeuliza: taka zimekwenda wapi?

Vingunguti, kisha Mtoni

Taka zilikwenda Vingunguti. Si mbali na Tabata, ni kuvuka bonde tu. Vingunguti ilikuwa na machinjio, ilikuwa na mabwawa ya maji machafu, na ilikuwa na watu wengi wa kipato cha chini waliojenga wakisongamana. Sasa ikapewa na dampo. Waliokuwa na sauti kubwa wakati ule walikuwa wamekwisha kusikilizwa, na sauti yao ilikuwa imeusukuma mzigo kwa wenye sauti ndogo. Waswahili walisema kwamba mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Lakini hata wenye sauti ndogo huja wakasema. Mwaka 2000 wakazi wa Vingunguti nao walikwenda Mahakama Kuu kuishitaki mamlaka ya jiji, kwa hoja zilizofanana na zile za Tabata. Miaka ya mwanzo ya 2000 taka zikahamishwa tena, safari hii zikavuka kwenda Temeke, mahali paitwapo Mtoni, karibu na mikoko na maji ya chumvi yanayopanda na kushuka.

Mimi nilikuwa nimehamia Temeke kutafuta maisha. Siku moja asubuhi nilitoka nje nikasikia harufu ambayo mwili wangu uliitambua kabla ya akili. Nilikuwa na umri wa mtu mzima, lakini kwa dakika moja nilikuwa mtoto tena, namtazama mama akifunga madirisha. Jirani yangu, mama mmoja aliyekuwa akiuza maandazi kibarazani, aliniona nimesimama nimeduwaa. Nikamwambia, "Shikamoo mama. Harufu hii mimi naijua. Sisi Tabata tulikuwa nayo, tukamshukuru Mungu ilipoondoka."

"Marahaba mwanangu," akajibu, huku akigeuza maandazi. "Kumbe ni ninyi. Mlivyomshukuru Mungu ndivyo mlivyotuletea sisi."

Alisema kwa utani, na mimi nikacheka. Lakini maneno yale yalinikaa. Nilitambua kwamba sala ya mama yangu na karaha ya mama huyu vilikuwa vitu viwili vya safari moja ya gari moja. Mungu alikuwa ametusikia. Sisi ndio ambao hatukumsikia aliyekuwa ng'ambo ya bonde.

Mji uliokosa fagio

Ingekuwa rahisi kuulaumu uongozi wa jiji peke yake. Ni kweli kwamba hali ilikuwa mbaya sana. Miaka ya mwanzo ya 1990, wakati mpango uliojulikana kama Mradi wa Dar es Salaam Endelevu ulipoanza kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, ilionekana kwamba jiji lilikuwa linazoa chini ya asilimia 5 ya taka zote zinazozalishwa kwa siku. Magari yalikuwa mabovu, vipuri havikupatikana, fedha hazikuwepo. Kwa maneno mengine, katika kila viroba 20 vilivyojazwa majumbani, hata kimoja kizima hakikufika dampo, na vingine vyote vilibaki mitaani, mitaroni, au katika shimo la jirani.

Mwaka 1994 uzoaji wa taka katikati ya mji ulikabidhiwa kampuni binafsi. Mwaka 1996 serikali ililivunja baraza la jiji na kuweka Tume ya Jiji, nayo ikaupeleka utaratibu wa wazabuni na vikundi vya jamii katika kata nyingine. Mwaka 2000 zikazaliwa manispaa tatu: Ilala, Kinondoni na Temeke. Ndipo tulipoanza kuwaona vijana na kina mama wenye makoti ya kung'aa wakisukuma mikokoteni vichochoroni, na karani anayegonga mlango kudai ada ya taka. Wengi tulimfungia mlango. Tulisema, kwa nini nilipie uchafu? Kisha usiku tukatuma mtoto na kiroba kwenda kukitupa penye kibao kisemacho usitupe taka hapa.

Kipindupindu hakikutusubiri tujifunze. Kilikuja mara nyingi katika miaka ya 1990, na kikarudi kwa nguvu Agosti 2015, kikianzia Kinondoni na kuenea Ilala, Temeke, na kisha mikoa mingi ya nchi. Tarehe 9 Desemba mwaka huo, Rais John Magufuli, ambaye alikuwa na wiki chache tu madarakani, aliahirisha sherehe za Uhuru na kuagiza kwamba siku hiyo itumike kufanya usafi nchi nzima. Yeye mwenyewe alionekana akizoa taka kwa mikono karibu na Ikulu. Baadaye Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi ikatengwa kwa usafi. Siku ile ya Desemba sharika nyingi zilitoka. Nilimwona mchungaji wetu ameshika reki, na wazee wa kanisa wakichimba mtaro. Tulicheka, tukaimba, tukapiga picha. Jioni rundo kubwa lilikuwa limekusanywa kando ya barabara. Lilikaa pale wiki mbili mpaka mvua ikalirudisha mtaroni.

Nasimulia hivyo kwa sababu ndiko kunakonifikisha kwenye moyo wa jambo. Tumeelewa sana habari ya kufagia. Hatujaelewa habari ya kubeba. Kufagia ni kuondoa uchafu mbele ya nyumba yangu. Kubeba ni kujua mpaka mwisho unakokwenda.

Pugu na mto unaorudi

Mwaka 2007 hivi dampo la Mtoni nalo likafungwa, na taka zikaanza kupelekwa Pugu Kinyamwezi, kwenye vilima vya magharibi, kama kilomita 30 kutoka katikati ya jiji. Pale ndipo zinapokwenda mpaka leo. Nani alikuwa Pugu wakati ule? Wachache. Na kama ilivyokuwa kwa Tabata na Temeke, wachache hao wamekuwa wengi. Nyumba za bati jipya zimesogea. Moshi huwaka huko pia, na watoto hukohoa huko pia. Kuna watu wanaofanya kazi juu ya rundo lenyewe, wake kwa waume, wakitafuta chupa, vyuma na makopo ya kuuza. Zaburi inasema habari za Mungu anayemwinua maskini kutoka jaani. Wengi wetu tunaisoma kama fumbo. Pugu kuna watu ambao kwao si fumbo, ni mahali pa kazi wanapoingia alfajiri.

Mbali kwetu hakupo mbali kama tunavyodhani. Tazama ramani. Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu. Unashuka, unapita kando ya Vingunguti na Tabata, unapita Kigogo, unatanuka pale Jangwani, na kuingia baharini karibu na daraja la Selander. Kwa maneno mengine, mto ule unayafuata madampo yetu kama mtu anayefuata nyayo. Kila kiroba kinachotupwa mtaroni, kila chupa inayotupwa dirishani mwa daladala, hupata njia ya kuingia humo. Sote tunaijua tabia ya mtaani kwetu: mawingu yakifunga, mlango unafunguliwa kidogo, kiroba kinatoka. Mvua inabeba. Jirani wa chini anapokea.

Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha kwa siku kadhaa na mto ukafurika. Watu wapatao 40 walikufa katika jiji letu, na maelfu walipoteza makazi. Si taka peke yake zilizoleta msiba ule, kwani watu walikuwa wamejenga bondeni na mvua yenyewe ilikuwa ya kutisha. Lakini mitaro na makaravati yaliyozibwa kwa taka hayakuacha maji yapite. Wengi wa waliookolewa kule Jangwani walipewa viwanja Mabwepande, mwisho wa Kinondoni. Maji yaliporudi, hayakuuliza nani alikitupa kiroba. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji, lakini safari hii maji yenyewe yalikuja kumnyoa kila mtu.

Wanaobeba mpaka mwisho

Ziko habari njema, na si haki kuziacha. Katika nchi yetu wako watu wanaofuata taka mpaka mwisho wake.

Nianze na mlimani. Wanaopanda Kilimanjaro hupita katika kambi ambazo hazina gari la taka wala haitawahi kuwa nalo. Kule utaratibu ni wa wazi. Kilichopanda hushuka. Takataka za kila msafara hupimwa kwa mizani, na wapagazi huzishusha mgongoni. Wapagazi wale ni vijana wa Marangu na Machame, wengi wao wakiwa waumini wenzetu, na wamejifunza jambo ambalo sisi wa pwani tungetakiwa tulijue mapema: mlima hauna pembeni. Ukiacha kitu, umemwachia anayekufuata njiani, au mto unaoanzia pale. Na Dar es Salaam nayo imetoka kwenye vilima vyake, ijapokuwa ni vifupi.

Nije Mabwepande, kule kule walikopelekwa waliookoka mafuriko. Huko Manispaa ya Kinondoni, kwa ushirikiano na jiji la Hamburg la Ujerumani, ilijenga kituo cha kugeuza taka za sokoni kuwa mboji. Msomaji anaweza kudhani ni jambo dogo. Lakini zaidi ya nusu ya taka za majumbani na masokoni kwetu ni mabaki ya chakula, maganda na majani. Ni vitu vile vile ambavyo bibi zetu waliwapa mbuzi na migomba. Vikipelekwa dampo vikachanganywa na plastiki, vinaoza bila hewa, vinatoa maji meusi na gesi inayoshika moto. Vikitengwa, vinakuwa udongo. Tofauti ya moshi wa Pugu na shamba la mchicha ni ndoo mbili jikoni badala ya moja.

Nimalizie Bonyokwa, kata iliyo jirani na Tabata yetu. Huko, kwa kuanzishwa na taasisi ya Nipe Fagio, wakusanya taka wa mtaani wanapita nyumba kwa nyumba, na wenye nyumba wanatenga: chakula peke yake, vinavyoweza kuuzwa peke yake, na kilichobaki peke yake. Chakula kinakuwa mboji, chupa na makaratasi vinauzwa, na kinachobaki kwenda dampo kinapungua sana. Kazi hii haifanywi na mtambo wa mabilioni. Inafanywa na watu wanaojulikana majina mtaani, wenye sare na ratiba, wanaosalimiwa "habari za kazi" badala ya kuzibiwa pua.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila Mtanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku, na sote tumeona kwamba mitaro imepumua kidogo. Ilitokea haraka kuliko tulivyodhani. Wiki moja kabla tulisema haiwezekani, wiki moja baadaye tulikuwa tunabeba vikapu kama bibi zetu.

Sisi wa usharika

Na sisi? Nitasema la kwetu, maana hukumu huanza katika nyumba ya Mungu.

Miaka michache iliyopita usharika wetu ulifanya sikukuu ya mavuno. Ilikuwa siku ya baraka. Watu zaidi ya 1,000 walikula pilau kwenye sahani za kutupa, wakanywa maji ya chupa ndogo. Jioni uwanja wa kanisa ulikuwa mweupe kama umeangukiwa na theluji. Mimi nilikuwa katika kamati. Tulimwita kijana mwenye guta, tukampa fedha kidogo, akapakia viroba akaondoka. Uwanja ukawa safi. Mchungaji akatupongeza madhabahuni Jumapili iliyofuata.

Siku tatu baadaye nilikuwa napita njia ya chini, karibu na daraja dogo, nikaona sahani zetu. Nilizitambua kwa sababu chupa nyingine zilikuwa bado na karatasi ya wito wa sikukuu iliyonata. Zilikuwa zimejaa mtaroni nyuma ya nyumba ya mjane mmoja ambaye si wa usharika wetu, wala si wa dini yetu. Alikuwa anazitoa kwa jembe, peke yake. Hakunijua. Alinisalimia vizuri.

Sikumlaumu kijana wa guta. Tulimlipa fedha ambazo zisingemfikisha Pugu hata nusu ya njia, na hatukumuuliza anakwenda wapi. Hatukutaka kujua. Tulikuwa Tabata ile ya mwaka 1991, tumefungua madirisha, tunaimba.

Nilivua koti, nikaomba jembe. Baadaye kamati ilikubaliana mambo matatu, na ninayaandika hapa kwa sababu usharika wowote unaweza kuyafanya. La kwanza, sikukuu zetu tunakula kwenye sahani za kuosha, na kina baba nao wako kwenye zamu ya kuosha. La pili, tumechimba shimo la mboji nyuma ya nyumba ya mchungaji, na mabaki ya chakula yanakwenda huko. Mwaka huu mchicha wa bustani ile umeuzwa kwenye mnada wa mavuno. La tatu, na hili lilikuwa gumu zaidi, tulipanga siku moja tukaenda Pugu wenyewe, wazee na vijana wa kipaimara, kuona mwisho wa safari ya viroba vyetu na kuzungumza na watu wanaofanya kazi pale. Hatukwenda kugawa nguo. Tulikwenda kuuliza majina.

Waraka kwa Waebrania, sura ya 13, unatukumbusha kwamba Yesu aliteswa nje ya lango, kule ambako mabaki ya sadaka yalichomwa, na unatualika tumfuate huko huko nje. Kwa miaka mingi nilidhani huko nje ni mahali pa kiroho tu. Siku ile Pugu, moshi ukiwa machoni na kijana wa kipaimara akinishika mkono asiteleze, nilifikiri kwamba anwani yake huenda ni ya kawaida kuliko tulivyodhani.

Dampo la mji wetu limehama mara tatu katika maisha yangu, na kila lilipohama kulikuwa na mtu aliyeshukuru na mtu aliyefunga dirisha. Pugu nayo itajaa. Siku itafika viongozi watatafuta mahali pengine, na mahali hapo pana watu, au watakuwepo. Kabla siku hiyo haijafika tunayo nafasi ya kuupunguza mzigo, ndoo kwa ndoo, jiko kwa jiko, sikukuu kwa sikukuu. Wengi wetu tutajenga mbele ya nyumba zetu, na hiyo ni kazi njema. Ila anahitajika pia Malkiya, katika kila usharika angalau mmoja, atakayeliinukia Lango la Jaa ijapokuwa haishi hapo.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu tunakutana saa moja asubuhi kwenye daraja dogo. Yule mama wa pale ametuahidi chai. Njoo na jembe, na kikombe chako.